Kaburi la Mke wa Karani

Abu Hamour, Doha
Jumapili, 6 Julai 2025

Kwa Kukhu Selina, bibi yangu wa kwanza,

Mimi mume wako mdogo nakusalimu. Niko mzima, nimenenepa, na sare mpya ya ulinzi imenikaa mpaka Kiprop, jamaa wa Eldoret tunayeishi naye chumba kimoja, ameanza kuniangalia kwa wivu. Nasimiyu, usikunje uso ukimsomea nyanya yetu. Soma kama nilivyoandika, tena uichapishe kwa karatasi nzuri pale kwenye kompyuta za saiba, maana najua Kukhu kitu asichoweza kukikunja hakiamini.

Nimehamishwa kazi. Silindi tena geti la shule. Sasa niko The Pearl, kile kisiwa cha mchanga walichojimwagia wenyewe baharini, na huko mimi ni mtu mkubwa. Kuna mama mmoja tajiri anayenunua filamu za kizamani za Afrika, zile za mkanda, makopo kwa makopo. Amezitengea chumba baridi. Nje ni digrii arobaini na sita, ndani navaa jaketi. Kazi yangu ni kukaa mlangoni na daftari, naandika nani ameingia saa ngapi na nani ametoka saa ngapi. Anayeingia ni mmoja tu, Shiru, msichana wa Nyeri aliyesomea kompyuta. Anasafisha mikanda na kuipitisha kwenye skrini. Bado hajajua kwamba ananipenda, lakini nampa muda.

Sasa sikia. Alhamisi adhuhuri aliniita nimshikie mkanda mmoja. Kwenye skrini kuna mwanamke kijana amesimama mlangoni, mikono nyuma, uzito ameuweka mguu mmoja, kichwa amekiinamisha kama anayesikiliza sufuria ikitaka kufurika. Akatabasamu. Mwanya ule. Kukhu, ni wewe. Kwenye kifuniko wameandika Mke wa Karani, 1957.

Nilimwambia Shiru huyo ni nyanya yangu, akacheka mpaka akakaa chini. Haya nieleze. Ulikuwa nyota wa sinema ukatuficha, sisi tukabaki kujivunia baiskeli ya baba?

Mumeo anayesubiri majibu,
Levis


Chwele
10 Julai 2025

Levis,

Nasimiyu ndiye anayeandika, maneno ni yangu.

Pale pa sare nimecheka. Wewe hata shati la shule lilikuwa linakukimbia. Nilipofika pale pa mlango sikucheka tena.

Mwanamke huyo alikufa. Alizikwa mchana, watu wakiona. Usimwangalie. Kama ni lazima upite hapo, pita kama unavyopita mbele ya nyumba yenye msiba, macho chini.

Kula vizuri. Na usimsumbue binti wa watu.

Kukhu wako,
Selina Nabwile

(Mimi Nasimiyu naongeza bila yeye kujua. Tangu jana amekataa chai. Na amesimama mlangoni vile vile ulivyoandika, mikono nyuma. Hajawahi kusimama hivyo, angalau mbele yangu.)


Abu Hamour
Jumapili, 13 Julai 2025

Bibi yangu mpenzi,

Unanitisha kama mtoto wa nasari. Mimi niliyemkimbiza mwizi wa pampu ya maji nikiwa na patipati, moja ikikatika njiani? Nimemwangalia, tena sana. Nimeona filamu yote mara tatu.

Haina sauti. Karani anaoa mke mrembo. Mke anaugua. Anakataa dawa ya zahanati, anaenda kwa mganga, anakufa, wanambeba kwenye ubao, wanamzika. Kisha mtu wa koti jeupe anatunyooshea kidole, yaani nendeni hospitali. Somo limeeleweka. Lakini unaigiza, Kukhu. Karani ni kama amemeza fimbo, wewe uko hai kuliko wote mpaka unapokufa.

Kuna kitu kimoja tu. Ukiwa umelazwa kwenye ubao, macho umefumba. Shiru ameipitia picha kwa picha, anasema macho yamefumbwa mwanzo hadi mwisho. Alhamisi nilikuwa nimesimama kushoto, nikaona kope zinainuka kidogo, unaniangalia kushoto. Leo nimesimama kulia makusudi. Umeniangalia kulia.

Shiru anasema ni jua limenipiga nikitoka stesheni ya metro. Pengine. Mchana wa hapa hauna watu, Kukhu. Saa saba unatoka nje, barabara nyeupe, hakuna mbwa, hakuna mtoto, taa za kuongozea magari zinabadilika rangi zenyewe bila gari hata moja. Mtu anaweza kuona chochote.

Huyo aliyekufa ni nani, na wewe ni nani? Niambie, au nije mwenyewe nikuhoji. Mimi ni afisa.

Mumeo,
Levis


Chwele
18 Julai 2025

Mume wangu mkaidi,

Sasa keti. Kama hataki kuondoka machoni pako, heri umjue.

Nilitoroka nyumbani nikiwa na miaka kumi na sita, nikafuata kundi la maigizo lililopita sokoni. Zamani zile wanaume ndio waliojifunga leso wakaigiza wake za watu. Mimi nilipanda jukwaani nikamnyang'anya mmoja leso yake, watu wakashangilia mpaka karabai ikazimika. Tukazunguka Kisumu, Jinja, Kampala, kumbi za wafanyakazi wa reli. Nguo zangu nilishona mwenyewe. Waliniita Selina Karabai, kwa sababu nikiingia ilikuwa kama taa imeongezwa pampu. Usicheke.

Mwaka wa hamsini na saba, Nairobi, mzungu wa gari la sinema alinichukua niwe mke wa karani. Nyumbani sikumwambia mtu. Filamu ikazungushwa vijijini, ikafika Chwele kabla yangu. Walitundika shuka kwenye ukuta wa ghala la mahindi. Mama alikuwepo. Hakuwa ameona sinema maishani mwake. Alimwona mtoto wake aliyepotea miaka miwili. Akamwona akiugua, akamwona akifa, akamwona akifukiwa. Akapiga nduru, na soko lote likalia naye, maana nani angemuuliza mama analilia nini? Mwili haukuwepo, basi wakafanya inavyofanywa kwetu. Walikata shina la mgomba, wakalifunga shuka, wakalipa jina langu, wakalizika nyuma ya nyumba ya baba.

Nilikuja wiki mbili baadaye, nimevaa kofia na viatu vya kisigino. Baba alisimama mlangoni. Akaniambia, "Aliyezikwa haingii kwa mlango. Tutabomoa ukuta wa nyuma, upite hapo kama anayezaliwa. Tutachinja kondoo, utapewa jina upya." Mimi nilikuwa nyota. Nikamjibu, "Baba, sikufa. Nilikuwa kazini." Nikageuka na kofia yangu. Mama hakutoka nje. Nilimsikia tu huko ndani, anambembeleza mtu anyamaze.

Nikaendelea na jukwaa miaka kumi na mitano. Niliigiza malkia, mlevi, mke mwenza, hata askari kama wewe, ila wangu alikuwa mnene. Kitu kimoja kilinishinda, kufa. Kila nilipolala jukwaani nife, watu waliondoka, kimya, safu kwa safu, hata wasionijua. Jinja mama mmoja alipanda jukwaani, akavua leso yake, akanifunika uso, akarudi kuketi. Hapo niliacha.

Sikuolewa. Baba yenu nilimlea peke yangu, kwa hiyo sina boma la mume. Pa kulazwa mimi ni kwa baba yangu, na mwenye boma sasa ni Situma, mtoto wa kaka yangu. Mwezi uliopita nilimwomba nafasi. Alilia, lakini alikataa. "Shangazi," aliniambia, "wewe kaburi unalo. Mtu mmoja akiwa na makaburi mawili, la pili linatafuta wa kuingia, na mimi nina watoto."

Nina miaka themanini na sita, Levis. Sitaki kulazwa makaburi ya umma ya kanjo Bungoma katikati ya watu nisiowajua.

Ndiyo maana nakutuma. Walipomaliza kunifunika udongo nilitoka shimoni nikicheka, na mzungu hakuwa amezima mashine. Kipande hicho alikikata. Kama kipo, kitafute. Situma akiniona nikitoka atajua hakuna aliyezikwa, na nafasi yangu itarudi.

Kukhu wako,
Selina


Abu Hamour
Jumapili, 27 Julai 2025

Kukhu wangu, Selina Karabai,

Nimeipata. Umenituma mimi, ulitarajia nini? Kulikuwa na kopo la mabaki chini kabisa, vipande walivyokata. Shiru alisema itachukua mwezi, mimi nikasema itachukua wiki, imechukua wiki. Sasa ananiita Inspekta.

Umetoka. Umetoka shimoni unacheka, mguu wa kulia kwanza, umejikung'uta udongo, umemtazama mzungu kama unamwambia kazi imekwisha, nipe chai. Ulikuwa mrembo, na ungekuwa wa rika langu ningekuwa na shida.

Kuituma kunachukua muda kidogo, mambo ya kitaalamu. Mwambie Mzee Situma aanze kupima nafasi.

Mumeo shujaa,
Levis


Abu Hamour
27 Julai, jioni

Nasimiyu,

Hii usimsomee Kukhu. Ukiichapisha, ifiche.

Kipande tumekipata kweli, ni dakika nne. Nimedanganya yaliyomo.

Wanaume wanafukia shimo mpaka juu. Si udongo kidogo, Nasi. Mpaka juu, wanashindilia kwa majembe. Halafu unaona maigizo yameisha, kwa sababu waombolezaji wanavua leso na kucheka, mmoja anawasha sigara. Kivuli cha mzungu kinapita. Hakuna anayefukua. Wanapanda lori, mzungu naye. Yule karani anarudi kidogo, anaangalia lile tuta, anaangalia watu walio kwenye lori, midomo inasema kitu, kama anayeuliza kama wote wamepanda. Anainua mabega, anapanda. Lori linaondoka. Tuta linabaki kwenye jua dakika moja nzima, halafu mkanda unaisha.

Shiru ndiye aliyeuliza, "Kama wote wameondoka, nani alikuwa ameshika kamera?"

Nilijaribu kufanya mzaha, haukutoka. Tangu siku hiyo Shiru hakai mle ndani bila mlango wazi, na mimi nimeacha kumtania.

Nasi, yule aliyekuja Chwele na kofia, aliyemzaa baba, aliyetufundisha kusali, alitoka wapi? Mguse mkono umwambie ni salamu zangu. Uniambie kama una joto.

Levis


Chwele
1 Agosti 2025

Levis,

Mkono wangu una joto. Nasimiyu ameugusa mara tano leo, hata mbuzi wameanza kumshangaa.

Nimekuwa mwigizaji kabla baba yako hajazaliwa. Uongo naujua hata ukiandikwa. Ulisema nilitoka shimoni mguu wa kulia kwanza. Mtu hatoki shimoni kwa mguu, hutoka kwa mikono. Nikamwambia Nasimiyu alete barua ile nyingine. Alikuwa ameificha kwenye debe la unga, lakini uso wake haukujua kujificha.

Sikukasirika. Ulinidanganya kama mume mwema.

Nimekaa siku tatu najaribu kukumbuka mikono iliyonivuta. Siikumbuki. Nakumbuka udongo kifuani, wa moto kwa jua. Nakumbuka sauti ya karani ikiuliza kama wote wamepanda, na mimi nikitaka kujibu. Kisha nakumbuka niko barabarani, nimevaa kofia, naelekea Chwele. Katikati hakuna kitu. Miaka sitini na minane nimejaza hapo kicheko, kwa sababu mwigizaji akisahau maneno yake hujaza.

Siwezi kukuambia mimi ni nani. Nimelima, nimezaa, nimeumwa meno. Lakini kuna aliyebaki pale juani, na mama aliujua ukweli huo mapema kuliko mimi. Nimekumbuka alivyokuwa akibembeleza.

Baba aliniomba jambo dogo, nikajivuna. Nimemwita Situma. Jumamosi tarehe tisa, saa tano asubuhi, watabomoa ukuta wa nyuma wa ile nyumba ya baba. Nitakubali mbele ya watu kwamba nilikufa, nipite wanapopita waliorudi.

Filamu usitume. Nataka kitu kimoja kutoka kwako. Saa zenu na zetu ni moja. Saa hiyo kaa na yule binti wa kwenye mkanda. Asiwe peke yake.

Selina


The Pearl
Jumamosi, 9 Agosti 2025, saa nane mchana

Nasimiyu,

Hushiki simu. Nimepiga mara kumi na nne. Kiprop amepiga pia na laini yake. Naandika hapa hapa kazini, haraka haraka, samahani kwa makosa.

Nilifanya alivyoniambia. Shiru hakutaka, nikamwambia ni mgonjwa wetu, akakubali, ila akakaa karibu na swichi ya taa. Saa tano kasorobo tukaanzisha filamu. Kukhu alikuwa mlangoni kama kawaida. Akaugua, akakataa dawa, akafa. Tukafika kwenye ubao. Macho yalikuwa wazi, Nasi, na safari hii hata Shiru aliyaona. Hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anaangalia nyuma yangu, mlango wa chumba.

Nikageuka. Mlango uko wazi, hakuna mtu, koridoo tupu.

Nikarudisha macho kwenye skrini. Kwenye ubao kuna shuka tu. Wanaume wanaubeba kwa mkono mmoja mmoja, jinsi ulivyo mwepesi. Waombolezaji wanalilia shuka.

Shiru akarudisha mkanda mwanzo. Mlango wa nyumba ya karani uko wazi na hakuna aliyesimama. Karani anakula peke yake, anaongea na kigoda. Mtu wa zahanati ananyoosha kijiko cha dawa hewani, anangoja, anakirudisha. Shiru akafungua nakala ya filamu iliyo kwenye kompyuta, aliyoitengeneza Juni kabla sijahamishiwa hapa. Vile vile. Amelia, amechukua mkoba wake, ameenda nyumbani, na sijui Jumatatu tutamwambia nini mwenye makopo.

Mimi nimebaki. Kazi yangu ni kuandika nani ameingia na nani ametoka. Nilikaa na daftari muda mrefu. Mwishowe niliandika: saa tano na dakika kumi na mbili, ametoka mmoja. Jina sikuandika.

Sitanii sasa. Niambie Kukhu yuko hai. Kama hayuko, niambie pia.

Kaka yako,
Levis


Chwele
Jumapili, 10 Agosti 2025

Levis, kaka yangu,

Yuko hai. Anakula ugali na nyama ya kondoo mbele yangu hapa, na amenituma nikwambie sare haijawahi kumfanya mtu kuwa afisa. Simu niliiacha nyumbani, kwa sababu alisema siku hiyo hataki mashine yoyote karibu naye. Barua yako nimemsomea asubuhi. Alisema umefanya vyema kutoandika jina.

Nitakueleza nilivyoona, bila kuongeza.

Watu walikuja wengi, hata pasta. Mzee Situma na wanawe walibomoa tundu la kimo cha meza kwenye ukuta wa nyuma. Kukhu alivaa gauni jeupe alilolishona mwenyewe na hakuvaa viatu. Situma akamuuliza kwa sauti, "Wewe uliyezikwa, umerudi?" Nilijua atajibu kwa madaha. Alisema tu, "Nilikufa. Naomba kuingia nyumbani." Kisha akapiga magoti akapita kwa mikono, miaka themanini na sita, hakutaka ashikwe.

Situma akachukua udongo aanze kuziba. Kukhu akasema, "Msizibe bado."

Tukangoja. Jua lilikuwa linaingia kwa lile tundu mpaka katikati ya nyumba. Kuku walikuwa mlangoni, wakatoka wote kwa pamoja. Kukhu alikuwa ameketi sakafuni karibu na tundu, na baada ya muda alijisogeza pembeni, kama unavyompisha mtu kanisani akae ndani ya benchi. Aliinua uso, akaugeuza polepole kutoka kwenye tundu hadi kwenye jiko la mama yake. Midomo ilikuwa inatingishika. Nilikuwa karibu, Levis, nilisikia. Alikuwa anambembeleza mtu anyamaze.

"Sasa zibeni," akasema. Situma akaanza kuziba. Saa ya mkononi ya pasta ilikuwa mbele yangu, nikaiangalia. Tano na dakika kumi na tatu.

Baada ya kula walienda kufukua shina. Hakuna aliyetarajia kulikuta, mgomba haudumu miaka yote hiyo. Walitarajia ardhi ngumu. Jembe la kwanza lilizama lote. Ule udongo ulikuwa laini mpaka chini, hauna mzizi, hauna jiwe, umekaa kama uliosukumwa kutoka ndani. Walipoutoa, shimo lilikuwa na urefu wa mtu, na kwenye ukingo mmoja kulikuwa na alama za vidole, kumi, zimechimba kuelekea juu. Wanaume waliacha majembe yao hapo wakarudi nyuma.

Mzee Situma alisimama na kofia mkononi. Akasema, "Shangazi, tutafukia hili leo leo. Kesho nitakuonyesha nafasi yako mpya, karibu na mama."

Kukhu alisogea mpaka ukingoni, akatazama chini, mikono nyuma, uzito ameuweka mguu mmoja.

"Kwa nini mchimbe lingine?" akasema. "Hili ni la kipimo changu, na mwenyewe ameshatoka."

Dada yako,
Nasimiyu